Anayemtuma dalali ndiye amlipe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumzie madalali wa vyumba vya kupanga jijini Dar es Salaam. Vyuo vikikaribia kufunguliwa malalamiko huanza upya: nimelipa hela ya kuonyeshwa nikakuta chumba kimechukuliwa, dalali hapokei simu, nimezungushwa siku tatu. Wengi hujibu kwamba watu hawa ni matapeli, wafutwe. Matapeli wapo, na polisi wapo kwa ajili yao. Lakini hata dalali asiye na nia mbaya anapeleka watu kwenye vyumba vilivyokwisha kuchukuliwa, kwa sababu tunavyomlipa, akifanya hivyo hapati hasara yoyote. Hilo ndilo linaloniuma, maana linarekebishika.

Uchumi una tawi linaloshughulikia masoko ya namna hii, ambamo bidhaa haipangwi mezani kwa mafungu. Watu wa pande mbili wanatafutana, na kutafutana kunakula hela na siku. George Stigler aliandika mwaka 1961 kwamba bei za kitu kile kile hutofautiana ndani ya mji mmoja kwa sababu kuuliza bei nako kuna gharama. Baadaye Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides walieleza kwa nini watu wasio na kazi na nafasi za kazi zisizo na watu huwepo kwa wakati mmoja, bila upande wowote kuwa mvivu. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2010. William Wheaton alikuwa ameshaipeleka hoja hiyo kwenye nyumba tangu mwaka 1990. Kwetu inaonekana kwa macho: Kimara kuna chumba kitupu tangu mwezi uliopita, na Kimara hiyo hiyo kuna kijana anayelala sebuleni kwa shemeji akitafuta chumba cha bei ile ile.

Tufanye hesabu. Namba ni za mfano. Msomaji aweke za mtaani kwake. Tuseme chumba cha kawaida, mita ya umeme ya LUKU ya kuchangia na choo cha nje, kinapangishwa kati ya sh 60,000 na sh 120,000 kwa mwezi, na bei zimetawanyika sawasawa humo katikati. Kwenda kuona chumba kimoja ni daladala kwenda na kurudi pamoja na bodaboda ya kuingia ndani, sh 4,000. Hela ya kuonyeshwa, sh 10,000. Na nusu siku ya kibarua iliyopotea, sh 8,000. Jumla sh 22,000. Mpangaji anakusudia kukaa mwaka mmoja.

Ameonyeshwa chumba cha 80,000. Achukue au aendelee? Vyumba vilivyo chini ya 80,000 ni theluthi ya vyote. Akikipata kimojawapo, kwa wastani kitakuwa cha 70,000, yaani ameokoa 10,000 kwa mwezi. Theluthi ya 10,000 ni 3,333, na kwa miezi 12 ni 40,000. Kwenda kuangalia kingine ni 22,000. Aendelee. Kesho yake anaonyeshwa cha 72,000. Vilivyo chini yake ni kimoja katika vitano, na kwa wastani vinaokoa 6,000. Moja ya tano ya 6,000 ni 1,200, na kwa mwaka ni 14,400. Hiyo haifiki 22,000. Alipe, ahamie. Mstari kati ya kuendelea na kuchukua uko kwenye 75,000 hivi: chini ya hapo chukua, juu ya hapo tafuta. Anayekusudia kukaa miaka miwili inampasa awe mgumu zaidi, mstari wake ni kama 70,500, kwa kuwa kila shilingi anayookoa anaivuna mara 24. Watu wengi hufanya kinyume. Hujiwekea idadi, "nitaangalia vitatu tu", kisha huchukua kilicho afadhali katika hivyo vitatu. Kujiwekea bei ni bora kuliko kujiwekea idadi, kwa sababu bei inakuambia usimame mapema siku ya bahati na usisimame siku ya mkosi.

Sasa tuingize vyumba hewa. Tuseme katika kila vyumba vitatu anavyopelekwa, viwili vimeshachukuliwa au havikuwa vya bei iliyotangazwa. Gharama ya kuona chumba kimoja cha kweli inakuwa mara tatu, sh 66,000. Rudia hesabu ile ile na mstari unapanda kutoka 75,000 hadi kama 86,000. Mpangaji ni yule yule na vyumba ni vile vile, lakini sasa akili timamu inamwambia akubali chumba ambacho jana angekikataa. Kwa wastani kodi atakayolipa inapanda kutoka 67,500 hadi 73,000, ambayo ni 66,000 zaidi kwa mwaka. Na gharama za kutafuta, ambazo zingekuwa kama 88,000 kwa vyumba vinne, zinafika kama 152,000 ingawa vyumba vya kweli alivyoviona ni viwili vitatu tu. Ukijumlisha, amepoteza karibu 130,000, zaidi ya kodi ya mwezi mzima, na hakuna mwenye nyumba aliyepandisha hata senti.

Mwenye nyumba naye akishaelewa kwamba watu wanafika kwake wamechoka na watakubali 86,000, yule aliyekuwa akitoza 70,000 haoni tena sababu ya kubaki hapo. Diamond alionyesha mwaka 1971 mahali ambapo mwendo huu unaishia: ikiwa kila mnunuzi anabeba gharama ya kutafuta, hata ikiwa ndogo, bei zote zinaweza kupanda mpaka pale ambapo muuzaji wa peke yake asiye na mshindani angeziweka. Wauzaji wanaweza kuwa mia, lakini kwa kuwa kuvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kunauma, ni kama yuko mmoja. Kinachotuokoa tusifike huko ni wale wanaopata habari bure. Dada wa saluni, fundi cherehani, mwenye genge na mjumbe wa shina wanajua nani anahama mwisho wa mwezi, na ndugu zao hupanga bila kulipa hela ya kuonyeshwa. Watu hao ndio wanaozishikilia bei chini hata kwa sisi tusiowajua. Mgeni aliyeshuka juzi na basi kutoka Kigoma hana dada wa saluni, ndiyo maana mzigo wote huangukia kwake.

Vyumba hewa vinatoka wapi? Tazama tangazo lenyewe linavyoandikwa kwenye magrupu ya WhatsApp: "CHUMBA MASTA SINZA, TAILIZI, LUKU YAKO, MAJI NDANI, 150 X 6, KUONA 10, DALALI MWEZI 1." Yaani kodi ni 150,000 kwa mwezi, ya miezi sita kwa mkupuo, kuonyeshwa ni 10,000, na udalali ni kodi ya mwezi mmoja anayolipa mpangaji. Anayeelewa lugha hiyo anajua kila kitu isipokuwa kimoja: tangazo ni la lini. Dalali wa kwanza alilipata tangazo hilo Jumatatu kutoka kwa mwenye nyumba. Dalali wa pili akalisambaza Jumatano, wa tatu Ijumaa, na kila likisambazwa simu inaliandikia saa na tarehe mpya. Mteja analiona la leo kumbe lina siku tano. Chumba kimechukuliwa tangu Jumanne na mtu aliyepelekwa na dalali wa nne, ambaye hao watatu hawamjui.

Mwenye nyumba huwapa chumba kimoja madalali sita au saba akidhani kitatoka upesi. Kwake ni sawa, chumba cha 80,000 kikikaa kitupu kinamla kama sh 2,700 kila siku. Lakini chumba kikiwa cha madalali saba, hakuna hata mmoja kati yao mwenye sababu ya kupanda bodaboda kwenda kuhakikisha kama bado kipo. Nafasi ya kwamba mwezi wa udalali utamwangukia yeye ni moja kwa saba, ilhali hela ya kuonyeshwa anaipata kila anapompeleka mtu, chumba kiwepo kisiwepo. Pale ambapo hela hiyo hutozwa kwa kila chumba, kuna jambo jingine baya zaidi. Dalali mwenye vyumba vitatu ana faida ya kukuanzishia kibaya na kumalizia na kizuri. Na kufuta tangazo lililopitwa hakumpi mtu chochote, kwa hiyo halifutwi.

Ni lazima pia tuseme upande wa dalali, la sivyo tutatunga sheria itakayovunjwa siku hiyo hiyo. Hela ya kuonyeshwa haikuzuka kwa tamaa peke yake. Mteja anaonyeshwa chumba asubuhi, anasema atafikiria, na jioni anarudi peke yake kumalizana na mama mwenye nyumba. Dalali amerukwa, na mwezi wake umekwenda. Ndiyo maana anaficha namba ya mwenye nyumba, anakataa kutaja mtaa, anakukutanisha kituoni na kukuzungusha kwa njia za uchochoroni. Elfu kumi yake ni bima dhidi ya kurukwa. Ukiifuta bila kuondoa hofu hiyo, itarudi kwa jina la usumbufu, la fomu au la mafuta.

Na kazi yake ina thamani. Dalali mzuri anajua nyumba gani hawataki watoto, geti lipi linafungwa saa nne usiku, kisima kipi hukauka Desemba, baba mwenye nyumba yupi hupandisha kodi kila mkataba ukiisha. Akikuuliza mambo matano kabla ya kuondoka (bajeti, miezi unayoweza kulipa, watu wangapi, kazi yako inaisha saa ngapi, unapika kwa kutumia nini), anakupunguzia safari nne. Mji wenye mamilioni ya watu na nyumba zisizo na anwani zinazoeleweka hauwezi kumkosa mtu huyu.

Wapo wanaosema simu zitamaliza tatizo lenyewe. Hutaja mfano wa wavuvi wa Kerala, India, na ni mfano mzuri. Mchumi Robert Jensen alifuatilia soko la samaki wa sadini huko wakati minara ya simu ikisimikwa pwani, kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, kati ya asilimia 5 na 8 ya samaki waliovuliwa walitupwa kwa kukosa mnunuzi pwani walipoegesha, wakati pwani ya jirani walikuwa wakitafutwa. Simu zilipofika, kutupa kukakoma, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Lakini sadini ni sadini. Mvuvi akiambiwa bei ya kilo akiwa baharini, ameshajua yote anayohitaji, anageuza usukani. Na samaki akilala anaoza, kwa hiyo habari iliyopitwa inajifuta yenyewe kesho yake. Chumba hakielezeki kwa bei peke yake, lazima ukione, na tangazo lake halinuki likikaa wiki tatu. Simu ilipunguza gharama ya kutangaza ikaacha ile ya kuhakiki ilivyokuwa. Ukiongeza matangazo bila kuongeza uhakika, unaongeza safari za bure.

Rai yangu ni kwamba anayemtuma dalali ndiye amlipe. Mwenye nyumba akimwita dalali amtafutie mpangaji, mwenye nyumba alipe. Mpangaji akimtuma dalali amtafutie chumba cha sifa fulani, mpangaji alipe, na alipe kwa kupata, si kwa kuonyeshwa. Ujerumani waliweka kanuni hiyo kwa nyumba za kupanga kuanzia tarehe 1 Juni 2015. Uingereza, kwa upande wa England, ilipiga marufuku mawakala kuwatoza wapangaji ada kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Jiji la New York, ambako mpangaji alizoea kumlipa dalali aliyetumwa na mwenye nyumba, lilibadili utaratibu tarehe 11 Juni 2025.

Kwa nini mlipaji abadilike, wakati hela ni ile ile? Kwa sababu ya nani anaweza kumkaba dalali. Mpangaji anaonana na dalali mara moja kwa mwaka au miwili. Hana wa kumlinganisha naye, na dalali anajua kwamba huenda hawataonana tena. Mwenye nyumba mwenye vyumba vinane ana wapangaji wanaoingia na kutoka, kwa hiyo dalali anamhitaji kesho na keshokutwa. Akianza kulipa kutoka mfukoni mwake, atauliza maswali ambayo leo hayamhusu: kwa nini mwezi mzima, si nusu? Kwa nini umeniletea watu sita wasiolingana na nyumba yangu? Mtu anayelipa kwa ajili ya mafanikio haweki madalali saba, huchagua mmoja anayejibu simu.

Kuna faida ya pili ambayo husahauliwa. Leo mpangaji akihama, dalali anapata mwezi mpya na mpangaji analipa upya. Mwenye nyumba hapotezi kitu ila zile siku za chumba kitupu. Kwa chumba cha 80,000, mpangaji anayehama kila miezi sita analipa kwa kweli 93,333 kwa mwezi ukiugawa udalali humo ndani. Anayekaa miaka miwili analipa 83,333. Mwenye nyumba akibeba gharama hiyo, kila mpangaji anayeondoka kwa sababu ya bomba lisilotengenezwa anamgharimu mwezi. Bomba litatengenezwa.

Watasema kodi itapanda. Itapanda kidogo, sikatai. Lakini tofautisha 80,000 inayodaiwa siku ya kwanza na sh 3,333 inayosambazwa kwa miezi 24. Kijana anayeanza maisha leo anaulizwa miezi sita pamoja na wa dalali, 560,000 taslimu kabla hajanunua godoro. Kinachomkwamisha ni ule mlima wa siku ya kwanza.

Kwenye kuandika kanuni, England wana jambo la kuigwa. Sheria yao haikuorodhesha ada zilizokatazwa, maana orodha hiyo ingerukwa kwa kubuni jina jipya. Iliorodhesha yanayoruhusiwa, kama kodi yenyewe na amana yenye kikomo, kisha ikasema mengine yote ni marufuku. Kwetu mkataba wa kupanga ukisema mpangaji atalipa kodi na malipo mengine yaliyotajwa kwa jina humo, basi "usumbufu" na "fomu" havina pa kujificha.

Hofu ya kurukwa nayo iondolewe kwa karatasi. Mwenye nyumba ampe dalali mmoja chumba kwa siku 14, kwa maandishi, yakitaja bei, miezi na kiasi cha udalali. Dalali aandike jina na simu ya kila aliyempeleka, na mwenye nyumba asaini. Mmoja wa waliomo kwenye orodha akipanga ndani ya miezi mitatu, dalali analipwa hata kama alirudi peke yake usiku. Hapo hana sababu ya kuficha namba, wala ya kuzunguka uchochoroni. Siku 14 zikipita bila mtu, mwenye nyumba yuko huru.

Lililobaki ni tarehe, na hili halihitaji Bunge. Ofisi ya serikali ya mtaa tayari inawaandikia wapangaji barua za utambulisho. Itundike ubao nje, si ndani. Mwenye nyumba alete kadi ya chumba: kodi, miezi anayotaka, LUKU ya nani, maji ya wapi, choo cha ndani au cha nje, watoto wanaruhusiwa au hapana, saa ya kufunga geti, namba ya simu, tarehe. Kila Jumamosi asubuhi kadi yenye zaidi ya siku saba inatolewa, isipokuwa mwenyewe amepiga simu kusema bado kipo. Hapa ndipo penye ufunguo. Kadi isingoje mtu aje kuitoa chumba kikichukuliwa, kwa kuwa hakuna anayefaidika kwa kuitoa. Itoke yenyewe, na anayefaidika kwa kubaki kwake ndiye ahangaike.

Kuna mawili yatakayokwamisha. La kwanza, mtendaji wa mtaa kugeuka dalali, kadi nzuri zikabaki kwenye droo. Ndiyo maana ubao uwe nje na namba iwe ya mwenye nyumba. La pili ni ubao kuwa mtupu: wapangaji hawaji kwa sababu hakuna kadi, wenye nyumba hawaleti kadi kwa sababu hakuna wapangaji. Basi usianzishwe jiji zima Februari. Uanzie mtaa mmoja wenye vyumba vingi vya wanafunzi, Changanyikeni au Sinza, mwezi wa Septemba, wiki chache kabla ya vyuo kufunguliwa, wakati pande zote mbili zinatafutana kwa wingi. Wajumbe wa mashina wapite nyumba kwa nyumba wiki ya kwanza wakusanye kadi 40 za mwanzo kabla ubao haujatundikwa.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam